Kingoma cha Bonifasi

Masisi, Alhamisi, 1955. Mvua inanyesha tangu saa sita, ukungu umeshuka hadi mlangoni pa jikoni, na mimi nimenuna.

Nina wivu. Afadhali niuandike hapa, maana padri sijamwambia.

Miaka sita nafundisha Kifaransa katika shule hii ya misheni. Njia yangu ni maharagwe. Nikisema *nous finissons*, kila mtoto anaweka mezani punje moja kwa kila silabi. Nous. Fi. Nis. Sons. Punje nne. Hesabu wanaipata, lakini wakitamka ni kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwezi uliopita akaletwa Bonifasi, mwalimu kijana kutoka Walikale, akapewa darasa la jirani. Alikuja na kingoma cha mti, chenye mwanya mrefu na sauti mbili, nene na nyembamba. Anagonga kitenzi kizima na watoto wanakifuata kwa pumzi moja. Nawasikia kupitia ukuta wa matete. Ni wadogo kuliko wangu, na Kifaransa chao ni laini.

Wanafunzi wangu nao wakaanza kugonga vidole mezani. Niliwafokea.

Kesho padri mkuu wa shule anakuja kutusikiliza, na mmoja wetu atapewa darasa la tano. Darasa hilo nimelisubiri miaka yote hii. Basi leo asubuhi, Bonifasi alipowapeleka watoto bustanini, nilikichukua kingoma chake.

Kiko chini ya kitanda changu.

Alikitafuta hadi kengele ya mwisho, halafu akaja kuniuliza mimi! "Kaka, haukuona mutu mwenye alibeba ngoma yangu?" Nikasema sikuona. Akanishukuru, na shukrani ile ndiyo inayoniuma zaidi.

Nyumbani nilimkuta mke wangu, Mama Generoza, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Shule hakuiingia hata siku moja. Mchi unapanda, unashuka, naye anasema: nous, fi, nis, sons. Matamshi safi kabisa! Nikamuuliza kayatoa wapi.

"Njo ile ngoma ya mwalimu wa Walikale. Nikipita kuchota maji, naisikiaka."

Maji anachota kila siku, akipita chini ya dirisha langu. Kwa miaka sita hajarudi na neno langu hata moja.

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Akaja mlangoni, mikono ingali ya kijani.

"Papa Generoza, nilifagia, nikaiona ile ngoma. Utairudisha lini?"

Akarudi jikoni kutwanga.

Nilikivuta kile kingoma. Nikagonga mara nne, taratibu, nikisema kwa sauti. Kinywa kikalegea, kitenzi kikatoka kama nilivyotaka kitoke siku zote. Jikoni mchi ulinyamaza kidogo, halafu ukanijibu.

Kesho kabla ya kengele nitamkabidhi Bonifasi kingoma chake mkononi na kumwambia ni mimi niliyekiiba. Darasa la tano atapewa yeye, hilo najua. Wivu bado ninao, na nitakwenda nao hivyo hivyo.