Fundi Aliyempakia Mama Yake

Mtae,
Lushoto.
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Nasra,

Assalaam alaikum. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, basi marahaba, tena marahaba mbili, moja yako na moja ya huyo aliyemo tumboni. Mnaendeleaje? Miguu imeacha kuvimba? Unakula, au bado unanusa chakula na kukisukuma? Mumeo Abubakari hajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Ni baridi tu. Ukungu umekaa mlangoni tangu asubuhi, nami nakuandikia nimejifunika shuka mbili na miguu iko karibu na jiko.

Ningepiga simu, lakini mtandao wa huku unaujua. Unapanda kwenye lile jiwe nyuma ya msikiti, unasema neno moja, la pili linakwenda na upepo. Tena haya ya leo si ya kupigia kelele juu ya jiwe, majirani wote wakisikia.

Umeniuliza mara tatu mama yako anakuja lini kukuangalia uzazi wako. Mara zote tatu nimekujibu "karibuni" nikasingizia salio limekwisha. Nisamehe, mwanangu. Ukweli ni kwamba mama yako amekula yamini hatashuka tena mlima huu kwa gari lolote, na mwenye kosa ni mimi shangazi yako.

Ilikuwa hivi. Mbeleko, lile gari la marehemu mume wangu, lilianza kulegea breki. Nikanunua breki mpya, zimo kwenye boksi lake, zinanukia upya, nikazipeleka gereji moja ambayo sitaitaja jina. Mwenye gereji nilimpenda papo hapo. Alinipokea kwa salamu yetu ya Kishambaa, "onga mshi", akaniulizia shamba, kabichi, wajukuu, akaniuliza na babu yangu alizikwa wapi! Akaniletea soda. Nikajisemea, huyu kijana amelelewa. Nikamwachia funguo nikaenda zangu gulioni kutafuta mbegu za karoti. Niliporudi gari limeoshwa linang'aa, na boksi tupu la breki nimewekewa kwenye kiti, eti ushahidi.

Mimi Mwanaidi, mwanamke ninayejulikana kwa ubishi toka huku hadi Mazinde, nimenunuliwa kwa soda na salamu!

Siku mbili baadaye nikampakia mama yako, nikapakia na kabichi, tukashuka. Tulipita Soni salama. Tulipofika kwenye zile kona za kuteremkia Mombo, nikakanyaga breki, mguu ukaingia hadi chini kama nakanyaga tope. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikashusha gia ya pili, nikashusha ya kwanza, gari likilia kama ng'ombe, kisha nikaliingiza kwenye mtaro upande wa mlimani. Likasimama. Kabichi zikamwagika barabarani zikaendelea na safari ya Mombo bila sisi.

Hakuna aliyeumia, hata mkwaruzo. Lakini mama yako hakupiga kelele wala hakulia. Alifungua mlango, akavua viatu akavishika mkononi, akaanza kupanda mlima kwa miguu kurudi Mtae. Unajua ni mwendo gani ule! Nilimkuta Soni amekaa kwenye gogo. Alikubali kupanda basi kwa sababu moja tu, kwamba lilikuwa linapanda mlima. Yeye shida yake ni magari yanayoshuka.

Mbeleko nikalivutisha kwa lori. Tulipopita pale gereji nikamwambia dereva wa lori asimame, nikashuka, Mbeleko bado limefungwa kamba. Yule bwana akachungulia, akasema limepungukiwa mafuta ya breki tu, ataongeza kidogo mambo yaishe. Nikamwambia vizuri sana, ongeza, halafu panda twende wote mpaka Mombo. Akatazama saa. Akashika kichwa, eti kinamgonga tangu jana. Halafu akakumbuka ana mgonjwa Bungu. Nilimwangalia mpaka akainamisha macho. Sikumtukana, ingawa maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni.

Nilipomweleza mama yako habari hizo, aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Basi wifi, mimi nitashuka siku fundi atakapokaa ndani ya gari alilotengeneza yeye na mama yake mzazi." Nami nikaona nimefungiwa mlango, kwa sababu fundi wa namna hiyo utamtoa wapi?

Nikampata Lukozi, Mbeleko likiwa bado linavutwa na karoti zangu zimo nyuma. Jina lake Tobia, na nakwambia salamu zake ni mbovu. Alitoa miguu chini ya gari la watu, akasema "shikamoo" kama mtu anayetema ganda, akaniambia nivute kigoda. Nikasema nina haraka naenda sokoni. Akasema, "Mama, mimi sifungui gurudumu la mtu ambaye hayupo." Nikakaa, nimenuna.

Akafungua gurudumu la nyuma akaniita nitazame. Zile breki nilizonunua hazikuwemo. Zilikuwemo nyingine kuukuu, zimelika hadi chuma, zimefutwa na kupakwa rangi. Na mpira wa mafuta ya breki ulikuwa unavuja pembeni, hata mimi nisiyejua kitu niliuona. Nikataka kulia kwa hasira, Nasra. Siyo kwa ajili ya breki. Niliwaza kwamba mtu alinichekea, akaniulizia babu yangu, huku anajua gari hili linapakia watu na linashukia wapi.

Nikamwambia Tobia afungefunge basi nikimbize karoti zisioze, nitarudi Jumamosi. Weee! Alichukua funguo akatia mfukoni mwa ovaroli akafunga na zipu. "Gari hili haliondoki hapa kwa magurudumu yake." Tukagombana mbele za watu. Mwisho nikauza karoti palepale Lukozi, nikanunua breki nyingine, nikarudi kwenye kigoda changu. Nilikaa siku mbili nikiangalia kila nati. Alipomaliza akanikabidhi vyuma vya zamani kwenye kiroba, akasema ni mali yangu, niende navyo nikavitupe mwenyewe.

Hapo ndipo nilipomweleza sharti la mama yako. Niliogopa ataona tunamdharau. Akacheka kwa mara ya kwanza, kumbe ana mwanya mzuri! Akasema mama yake, Bi. Yusta, anatafuta usafiri wa Mombo tangu mwezi uliopita akamwone dada yake.

Basi kesho alfajiri Tobia atalileta gari hapa, na mama yake ndani. Mama yako nimemwambia. Hajasema ndiyo wala hapana, amekwenda kulala mapema. Mimi nina wasiwasi kama mwanafunzi wa mtihani. Akikataa tena sijui nitakuambia nini, na mwezi wako ndio huu unaingia. Ngoja niiache barua hapa, kesho niimalizie, iwe kheri au shari.

Mombo, Jumatano, saa nne asubuhi

Nasra! Naandika huku nacheka, nisamehe mwandiko.

Walifika baada ya swala ya alfajiri. Bi. Yusta alishuka na kitenge chake cha kwaya ya kanisani na fimbo. Akamwendea mama yako moja kwa moja, wakaamkiana kwa Kishambaa mpaka nikadhani jua litazama. Kisha akamshika mkono akamwambia, "Twende mwenzangu, kama ni kufa tutakufa tunapiga soga." Na mama yako akapanda! Nilisimama na funguo mkononi, siamini.

Niliendesha mimi. Wao wawili walikaa mbele pamoja nami, Tobia akakaa nyuma juu ya kabichi na spana yake. Walizungumza tangu Mtae. Walianza na dawa ya magoti, wakaja kwenye wakwe, wakafika kwenye watoto wasiojua kusalimu, na hapo Tobia alisemwa sana na mama yake bila kusikia. Soni tukaipita. Kwenye zile kona nilikanyaga breki taratibu, Mbeleko likatii. Nikakanyaga tena, likatii. Mama yako alikuwa anaeleza jinsi ulivyozaliwa siku ya mvua, hakugeuka hata kuangalia ule mtaro. Mimi ndiye niliyeuangalia, machozi yakanitoka nikayafuta na mtandio.

Tulipatana kwamba leo ni kulijaribu gari tu: tunafika Mombo, tunashusha mzigo, tunarudi. Basi Tobia anashusha kabichi, chini kabisa akakuta begi. Akauliza la nani. Bi. Yusta akasema si lake. Nikamtazama mama yako, akatazama pembeni. Nikalifungua. Kanga mpya sita, unga wa uji, pilipili manga za kuweka kwenye uji wa mzazi, na kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mwenyewe, sijui aliifuma saa ngapi. Alilificha usiku wa kuamkia leo uani penye kabichi, nasi tukapakia gizani bila kujua.

"Mlima nimeshaushuka," akasema. "Niupande tena wa nini?"

Nimempigia mumeo akampokee mama yako stendi ya Msamvu, nimemwapisha asikuambie. Na yeye mwambie hivi kuhusu hicho kigari alichonunua: akae kwenye kigoda, adai spea za zamani mkononi, na fundi akimletea soda, ainywe huku macho yakiwa kwenye gurudumu.

Basi limekaribia, kondakta anapiga kelele, nafupisha. Wanangu wote wanakusalimu. Salimu anasema mtoto akiwa wa kiume jina analo yeye, usimsikilize. Bi. Yusta anakusalimu ingawa hakujui, na Tobia amenyanyua mkono, ndiyo salamu yake hiyo. Stempu niliyonunua nitaitumia siku nyingine. Salamu za mama yako siziandiki. Nyanyua uso, mwanangu, huyo hapo mbele yako, mpokee begi.

Mungu akufungue salama, akupe mtoto mwenye afya na mdomo kama wa shangazi yako.

Wako akupendaye, hata kuliko Mbeleko,
Shangazi Mwanaidi