Mama Wawili na Sahani Yangu

Jumanne, 6 Mei 2025

Kliniki leo. Kilo nne! Mwezi mmoja, kilo nne. Nilivua viatu, nikavua kitenge cha juu, nikavua hata hereni, lakini mshale haukuona haya. Nesi Kuluthumu akaangalia mizani, akaangalia kadi, akaniangalia mimi.

"Hana, mwezi huu umekula nini?"

Nikasema chakula cha kawaida. Akacheka mpaka akina mama kwenye benchi wakageuka.

Ukweli ninaujua. Ukweli ulishuka kwenye basi la Mpwapwa kabla ya Pasaka ukiwa na ndoo ya karanga na dumu la asali. Mama mkwe. Miaka sita ya ndoa, mimba ya kwanza. Anasema amesubiri sana, sasa anataka mjukuu anayeonekana kwa mbali. Asubuhi uji wa karanga. Saa nne chapati. Mchana ugali wa uwele na mlenda. Jioni wali, halafu "kitu kidogo cha kulalia", ambacho ni wali tena.

Nesi hakunigombeza. Kuongezeka lazima niongezeke, amesema, ila polepole, kama nusu kilo kwa wiki hivi. Soda niache, mafuta nipunguze, jioni nitembee. Nikamuuliza kama nianze dayati. Akanikazia macho! Kujinyima marufuku. Nimeelewa?

Mimi nimeelewa. Anayetakiwa kuelewa yuko nyumbani anakaanga.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia Mkwe. Jibu lake: mizani ya kliniki ni mbovu. Imezoea vichanga, itamjuaje mtu mzima?

Akavaa viatu, akanishika mkono, huyoo mpaka sokoni, kwenye ghala ambako mume wangu Gerson anafanya udalali wa mahindi. Nipimwe kwenye mizani ya magunia! Nilikataa. Lakini hapa Kibaigwa nzima hakuna aliyewahi kumkatalia Mkwe, na mwanawe ndiye wa kwanza kutojaribu.

Nimepanda. Wabeba mizigo wameacha kazi. Mmoja akauliza kwa sauti, "Bosi Gerson, huu mzigo umekauka au bado una unyevu?"

Gerson akacheka. Halafu akaona uso wangu, akaacha. Amechelewa.

Mizani ya magunia imeongeza kilo mbili juu ya zile za kliniki. Mkwe akaitazama kwa muda. "Hii ndiyo mbovu kabisa," akasema, tukarudi nyumbani.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada nikampigia Mama simu, kijijini kwetu Mvumi. Nilitaka kuhurumiwa tu. Kosa kubwa!

Akafoka: "Kilo nne? Unataka kupasuliwa wewe?"

Kwa Mama, kila tonge linakwenda moja kwa moja kwa mtoto. Mtoto ananenepa, njia haimtoshi, kisu. Anakuja wiki hii. Nikasema hakuna haja, Mama, Mkwe yupo. Hapo ndipo alipokata simu. Nadhani alikwenda kufungasha.

Alhamisi, 15 Mei

Mama amefika. Salamu zao wakwe wawili! Mbukwa, mbukwa kwa Kigogo, za shamba, za mifugo, za kanisani, za mvua iliyogoma. Tabasamu kila upande. Nikajidanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Chakula cha mchana. Mkwe kanipakulia mlima. Mama kapunguza nusu. Mkwe karudisha. Mama kapunguza tena. Mimi nimekaa katikati nafuata ugali kwa macho kama natazama mpira.

"Kula, mwanangu," Mkwe.

"Inatosha, mwanangu," Mama.

Gerson kavuta sahani, kala yeye. Nimeanza kuelewa kwa nini siku hizi anarudi nyumbani mchana. Zamani alikuwa anakula chipsi sokoni.

Jumatano, 21 Mei

Mkwe amekwenda Mpwapwa kuvuna uwele. Nilidhani nitapumua. Nimebaki chini ya serikali ya Mama.

Uji mwepesi. Mayai hapana, mtoto atakuwa na kichwa kikubwa. Nyama hapana. Jioni chai na kipande kimoja cha muhogo. Nikamwambia nesi amekataza kujinyima. "Huyo nesi amezaa wangapi?" Sijui, Mama! Sijamuuliza!

Nashona sare za kwaya. Vifungo vyake vya rangi ya kahawia, vidogo, vya mviringo. Vinafanana na karanga. Kimoja nimekitia mdomoni. Nimekitoa.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeanguka.

Si vibaya. Nilikwenda sokoni kununua zipu. Jua la kawaida tu. Mama mmoja anachoma mahindi, harufu ile ikanishika, nikasimama — halafu soko likaanza kuzunguka na kuwa jeusi pembeni. Watu wakanidaka, wakanikalisha juu ya gunia. Nilishika tumbo. Nikasubiri. Mtoto hakucheza, nikasubiri, hakucheza, nikaanza kulia — ndipo akapiga teke. Sijawahi kupigwa nikafurahi hivyo.

Gerson alikuja mbio na kandambili moja mguuni. Hakuwa na mzaha wowote. Kaninunulia maziwa na ndizi, kaniangalia nikila kama anayeogopa nitamtoroka.

Nyumbani alitaka kusema na Mama. Lakini mwanamume atamkemeaje mkwe wake? Alisimama mlangoni. Akakohoa. "Shikamoo, mama." Mara ya pili kwa siku ile ile. Mama akaitikia marahaba. Gerson akatoka.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki. Nimepungua kilo moja na nusu. Leo Nesi Kuluthumu hakucheka.

Kanilaza, kapima tumbo kwa utepe, kasikiliza moyo wa mtoto. Unadunda vizuri. Asante Mungu. Kisha kakaa kwenye kiti chake na kuniambia nieleze. Nimeeleza yote, mpaka kifungo.

"Ijumaa niletee hao mama. Wote wawili."

Nilimpigia Mkwe. Sijamaliza kusema neno *nimepungua*, tayari alikuwa anauliza basi linaondoka saa ngapi.

Ijumaa, 6 Juni

Siku gani hii!

Nesi alianza kwa kuwapima wao. Mkwe akagoma, yeye hana mimba. "Shikamoo, mama. Panda." Akapanda! Sijui nesi huyu aliisomea wapi hiyo lugha, nikajifunze.

Halafu vita vikalipuka. Mkwe: huyu mwenzangu anamuua mjukuu kwa njaa! Mama: na yeye anamuua mwanangu kwa karanga! Benchi zima la wajawazito linasikiliza kama redio. Nesi akafunga mlango. Akamgeukia Mama, taratibu tu: "Mama, unaogopa nini hasa?"

Mama alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. Kisha akasema, "Dada yangu Tumsifu."

Nilijua tu kwamba mama yangu mkubwa alifariki kabla sijazaliwa. Sikujua jinsi. Uchungu ulimshika nyumbani, kijijini, mtoto ni mkubwa, hatoki. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka kwa wamisionari. Hawakufika. Msibani wanawake wakasema alikula sana, alimlisha mtoto mpaka akamzidi.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nampikia," Mama akasema. "Nilikuwa nampenda. Nilikuwa namjazia."

Mama yangu. Miaka yote hiyo.

Nesi akasogeza kiti. Akamwambia dada yake hakuuawa na chakula cha mtu. Alihitaji hospitali, na hospitali ilikuwa mbali. Njaa haipanui njia, inamdhoofisha mama na mtoto wote wawili, basi. Na hospitali siku hizi gari linafika. Mama alikuwa analia bila sauti. Mkwe — ambaye dakika chache nyuma alikuwa anamwita muuaji — akavua kitenge chake cha begani akampa ajifutie. Mkwe huyo huyo!

Kisha nesi akawafundisha wote pamoja. Mboga na matunda kwa wingi, ugali wa kiasi, maharage, mayai ruksa, maziwa ruksa, samli kwa kijiko siyo kwa mwiko. Akamalizia kwa sauti nyingine: nikivimba uso na mikono, kichwa kikiuma sana, nikiona vimulimuli, tusisubiri tarehe ya kliniki. Twende hospitali palepale.

Mkwe akamwomba arudie. Akarudia.

Jumapili, 15 Juni

Amani ni mbaya kuliko vita. Zamani nilikuwa napata nafuu wakiwa wanagombana. Sasa wameelewana!

Sahani yangu inapakuliwa na wawili. Mmoja anaweka, mwingine anakagua. Soda za Gerson zimetolewa nyumbani, zikapewa jirani. Jioni wananitembeza mpaka mwisho wa maghala na kurudi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Leo mzee mmoja akauliza, "Huyu mmemkamata wapi?"

Halafu Gerson akaniletea suruali nimpanulie kiunoni. Mama akaiona ile suruali, akaona lile tumbo.

"Na huyu naye ana miezi mingapi?"

Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Kwa mkwe wake wa kiume! Kisha Mkwe akaangua kicheko, akakaa chini kabisa kwenye sakafu, na sisi wote tukafuata. Nilicheka mpaka nikakimbilia chooni, na sikufika vizuri.

Kuanzia kesho Gerson naye anatembea.

Jumanne, 1 Julai

Kliniki. Kilo mbili kwa wiki nne! Presha nzuri, mkojo safi, mtoto kichwa chini. Nesi kapiga vema kubwa kwenye kadi. Mkwe alivyotoka nje kuwatangazia wenzangu kwenye benchi, mtu angedhani mimba ni yake. Mama akamvuta mkono: "Mwenzangu, twende." Wanaitana *mwenzangu* sasa.

Jumatano, 9 Julai

Baridi ya Julai. Upepo wa hapa unapasua midomo, kila mtu anasinyaa. Mimi tu ndiye niliyefura. Asubuhi pete imegoma kutoka hata kwa sabuni. Gerson kasema mashavu yamenipendeza. Nikafurahi, mjinga mimi.

Kichwa kinagonga tangu nilipoamka. Nimesingizia moshi wa jiko. Nimekaa kwenye cherehani, uzi hauingii kwenye sindano, kuna vitu vinametameta pembeni ya macho.

Mkwe kaniletea uji. Kaweka bakuli chini. Kanishika kidevu, kanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwenzangu, hebu njoo." Mama akaja. Wakanitazama wote wawili, kisha wakatazamana.

"Huku si kunenepa," Mkwe akasema. Yeye! "Vaa kitenge. Tunaondoka."

Nikasema nimalizie pindo hili moja tu. Mama akaisimamisha cherehani kwa mguu wake.

Alhamisi, 10 Julai

Dodoma. Wodini.

Naandika vipande vipande. Jana Nesi Kuluthumu alipima presha mara mbili, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Akapima mkojo. Akapiga simu huku ametugeuzia mgongo. Tukaletwa na gari la wagonjwa. Gerson alikuja nyuma na lori la mteja lenye mahindi nusu — sijui alimwambia nini huyo mteja.

Daktari ni kijana, mpole. Presha ya mimba, kasema. Imewahiwa. Dawa nimeanza, nimechomwa pia sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, endapo atawahi kutoka. Presha ikitulia, tutasubiri mtoto akue tumboni. Isipotulia, watamtoa. Mimba ina wiki thelathini na tatu. *Watamtoa* — kalisema kama neno la kawaida.

Nikamuuliza kama ni chakula. Kama nilikula sana, au nilikula kidogo. Akasema hapana, hii inawapata hata wanaokula vizuri, si kosa la mtu. Nikamwomba arudie kwa sauti kubwa. Akashangaa. Nikamwonyesha kwa kidole: mlangoni, kwenye benchi, Mama. Akaelewa. Akarudia kwa sauti ya mhubiri. Nikaona mabega ya Mama yanashuka.

Gerson kawanunulia wali. Uko pale pale kwenye mfuko. Mkwe hajagusa. Nimemwita Gerson nikamnong'oneza, mama yako hajala, na tangu niolewe sijawahi kutamka maneno hayo. Akasema najua. Macho yake mekundu.

Sasa saa za wageni zimekwisha. Mlinzi anasema abaki mama mmoja tu. Mkwe kamwambia yeye ndiye mama wa mgonjwa. Mama naye kamwambia yeye ndiye mama wa mgonjwa. Mlinzi anawatazama kwa zamu. Nikajua sasa yanaanza.

"Baki wewe, mwenzangu," Mama akasema. "Wewe ndiye uliyeuona uso."

"Hapana. Wewe umemzaa. Baki wewe."

"Nimesema baki."

"Siwezi kubaki wewe uko nje!"

Wanagombana tena! Wanasukumana kuingia, kila mmoja anamsukuma mwenzake ndani. Mlinzi kachoka, kageukia ukutani.

Nesi wa zamu kaja na mashine ya presha. Amenifunga mkono wa kushoto, naandika na wa kulia. Mlangoni wamegeuka kutazama. Mkono unabanwa, unabanwa. Mtoto anacheza — ana nguvu, mtukutu huyu. Nesi anatazama kioo cha mashine. Namba zinapanda. Sasa zinashuka. Mama na Mkwe wameingia wote, hakuna anayewazuia, wameinama juu ya kile kioo kidogo ambacho hakuna kati yao anayejua kukisoma, na zinashuka, bado zinashuka, zinasimama chini kuliko jana —