Ratili za Dada Arvella

Sanduku la Posta 41,
Harlan Flats,
Oklahoma.
9 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Ronelle,

U hali gani huko Alaska, na hiyo baridi yenu? Vidole vyako vikoje, bado vinakufa ganzi kwa hao samaki wa kiwandani? Kila nikifungua friza nakukumbuka, nasema maskini Ronelle, yeye ndiyo ofisi yake hii. Sisi hapa wazima. Nyonga ya Mama imepoa, anatembea na fimbo, ila fimbo yenyewe anaitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea. Mimi pia mzima, miguu tu inavimba nikisimama sana pale mgahawani.

Mvua imenyesha wiki nzima na ngano imeota vizuri. Mchungaji mpya anahubiri mpaka nyama za watu zinaungua kwenye oveni huko majumbani. Mkewe amepaka nywele rangi, na mimi nimeambiwa nisiseme rangi gani, kwa hiyo sisemi. Ni ya machungwa.

Haya, sasa vuta kiti, kuna jambo la dada yetu Arvella na shemeji Verlon, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wabaya.

Unajua shemeji amestaafu mwezi wa nne. Miaka yote ile kwenye visima vya mafuta alikuwa anamwambia dada, ngoja nistaafu, nitakupeleka milimani ulale na dirisha wazi usikie mto. Miaka thelathini na nane dada anangoja huo mto. Basi safari hii Verlon akaamua kweli, akaenda Enid akapata trela. Si hizi za kufunga nyuma kwenye mkia, hapana. Hii ni ile yenye shingo ndefu, shingo inapanda juu ya pikapu na kukaa kwenye chuma kilichofungwa katikati ya bodi. Ndani ina jiko, kitanda cha kupanda ngazi, na mahali pa kuotea moto pa uongo, panawaka taa tu. Verlon alipopaona pale kwenye moto wa uongo, akili ikaruka.

Muuza matrela akamwambia, mzee, pikapu yako inavuta ratili elfu kumi, trela hii ni elfu saba na nusu, nenda kwa amani. Lakini Verlon si mjinga. Kuvuta ni kuvuta na kubeba ni kubeba. Gari likivuta, mzigo uko nyuma kwenye magurudumu yake wenyewe. Ila hii shingo inalala mgongoni mwa pikapu, na mgongo una kiasi chake. Ukizidisha, gari linakaa kitako, taa zinaangalia angani, matairi ya mbele yanakuwa mepesi, na ukishuka mlima hata usukani haukusikii. Yule jirani yetu wa zamani, Dwight, yalimkuta hayo kule kwenye mteremko wa Raton. Alipona, lakini vyombo vyao viliokotwa bondeni kijiko kimoja kimoja.

Kwa hiyo Verlon akafungua mlango wa dereva, akasoma ile stika ya njano: watu na mizigo wasizidi ratili elfu moja mia sita themanini. Akaja kwangu mgahawani na kalamu, akaagiza mkate na mchuzi wa soseji, akaanza kujumlisha juu ya leso ya karatasi. Shingo ya trela, elfu moja mia moja hamsini. Kile chuma cha kuishikilia. Yeye mwenyewe, mia moja tisini. Na dada.

“Dada yako ana ratili ngapi, shemeji?” akaniuliza.

“Muulize mwenyewe,” nikamwambia. “Mimi nataka kuishi.”

“Nimemuuliza, akaniambia nisome leseni.” Akacheka. “Nimesoma. Mia moja thelathini. Hesabu inakaa, shemeji! Inabaki na nafasi ya sufuria zake. Jumamosi naenda kusaini.”

Ronelle, wewe unamjua dada. Ana umbo la Mama, na umbo la Mama unalijua. Na mimi ndiye ninayemshonea magauni, futi iko mkononi mwangu. Ratili mia moja thelathini dada alikuwa nazo alipochukua leseni ya kwanza, ana miaka kumi na tisa. Nikamwangalia Verlon anavyokunja ile leso taratibu na kuiweka mfukoni kama cheti cha ndoa, nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jioni ileile dada akaja kwangu. Hakugonga. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani akaanza kulia.

“Twyla, hesabu yake ni ya uongo, na mwongo ni mimi.”

“Basi si umwambie, dada! Ni mumeo, anakuona kila siku.”

“Ananiona, hanipimi. Mama yake alikuwa ananiita gogo mbele yake, Verlon akamwambia, mama, mke wangu ni mwepesi kama unyoya, namwinua kwa mkono mmoja. Miaka thelathini na nane anasema hivyo. Mimi nikamwambie kwamba unyoya ndio unaovunja mgongo wa gari?”

“Na usipomwambia wewe, mlima utamwambia.”

“Najua! Ndiyo maana nalia!” Kisha akanishika mkono. “Ukimwambia, Twyla, sikuzungumzi mpaka kaburini. Na huko pia sikuzungumzi.”

Unajua mdomo wangu. Siku nne nimekaa na siri ile. Siku nne, Ronelle! Watu wa mgahawani wakawa wananiuliza kama nimefiwa. Kila nikifumba macho naona dada yangu na shemeji wanateremka ule mlima na mahali pao pa moto wa uongo panawasukuma kwa nyuma.

Alhamisi nikapata akili. Nikasema mimi si mtoto wa hapa? Si nimekua naona malori ya ngano yanapimwa kwa Orrin, pale kwenye maghala? Lori linapita juu ya mizani lilivyo, dereva ndani na kila kitu, namba moja tu inatoka. Hakuna anayemuuliza dereva amekula nini. Nikamkimbilia Verlon.

“Shemeji, achana na leso. Funga kile chuma, jaza tangi, mpande wote wawili, mkapime gari zima kwa Orrin. Stika nyingine hapohapo mlangoni inasema gari zima lisizidi elfu saba. Mnatoa, kinachobaki ndicho cha shingo ya trela. Hakuna haja ya kujua nani ana ngapi.”

“Shemeji, wewe shule uliikimbia ya nini?” akasema.

Dada nikampigia simu nikamweleza, akasema sawa, jumla tu. Nilijiona nina busara mpaka nikajipikia keki.

Ijumaa saa nne asubuhi tukaenda. Mimi nilikaa kiti cha nyuma mpaka getini, halafu nikashuka nisije nikaharibu hesabu, nikaingia ofisini kwa Orrin. Kulikuwa na wakulima wawili wanakunywa kahawa. Na hapo ndipo nikauona. Mdogo wangu, nilisahau ubao! Si unaukumbuka ule ubao wa Orrin ukutani, majina ya watu wote na uzito wa magari yao matupu, dereva akiwa ndani? Verlon amebeba chakula cha ng'ombe pale miaka kumi na mbili. Jina lake liko mstari wa tatu, na namba yake mbele yake, kwa chaki nyeupe. Mtu yeyote aliyefika darasa la tatu angeweza kutoa namba moja kwa nyingine na kujua dada ana ngapi.

Nikataka kuufuta kwa kiwiko. Nimechelewa. Orrin akabonyeza kile kipaza sauti chake cha uani, kwa mazoea tu, si kwa ubaya, akatangaza: “Elfu tano mia tisa themanini, Verlon!” Mpaka njiwa wa juu ya ghala wakasikia.

Verlon akaingia na leso yake mkononi. Akaangalia namba, akaangalia ubao, midomo ikawa inacheza kwa hesabu: kwenye elfu saba imebaki elfu moja na ishirini, na shingo peke yake ni elfu moja mia moja hamsini. Orrin naye akaangalia ubao. Wale wakulima wakaangalia kahawa.

“Ni lile sanduku langu la spana,” Verlon akasema. “Nilisahau kulihesabu.”

Akatoka, akalishusha peke yake, na mgongo wake ule mbovu, akaliweka kwenye vumbi. Namba ikapungua. Haikutosha. Ilikuwa bado, na hiyo ni trela tupu, bila maji, bila sufuria hata moja.

“Unajua mizani hii,” Orrin akasema, mtu mzuri yule, Mungu ampe maisha, “ikipata vumbi huwa inazidisha. Wiki iliyopita ilizidisha.”

“Haijawahi kuzidisha,” mmoja wa wale wakulima akasema.

“Wewe kunywa kahawa!”

Mlango ukafunguka, dada akaingia. Alikuwa amesikia kila kitu, dirisha la gari lilikuwa wazi. Uso umemwiva. Akasimama katikati ya ofisi na pochi yake mbele kama ngao.

“Orrin, acha kuisingizia mizani,” akasema. “Verlon, leseni yangu niliiandika kabla hatujaoana. Kila nikienda kuibadilisha karani ananiuliza, uzito uleule? Namwambia, uleule.” Halafu akaitaja namba yake. Akaitaja yote, kwa sauti, mbele ya wanaume wanne na mimi.

Ronelle, Verlon akakunjua ile leso yake, akaitazama, akatoa kutoka mfukoni ile picha ya trela aliyopewa Enid, ile yenye mahali pa moto. Akaiangalia sana. Nikasema Mungu wangu, sasa atasema nini huyu mwanamume, akisema vibaya mimi namrushia jagi.

“Kumbe trela ndiyo nzito,” akasema.

Akaikunja picha akaitia kwenye pipa la taka la Orrin. Akamshika dada mkono wakatoka, sanduku la spana wakaliacha palepale uani, ikabidi mimi na Orrin tuliburute mpaka kivulini.

Trela ile hakuisaini. Wamepata nyingine fupi, nyepesi, ya kufunga mkiani, haina moto wa uongo wala ngazi, ila ina dirisha kubwa upande wa kitanda. Waliipima kwa Orrin imejaa maji na sufuria, dada akiwa amekaa mbele anawapungia watu mkono, na safari hii Orrin alizima kipaza sauti. Jumatatu ya wiki iliyopita wameondoka. Jana amenipigia simu kutoka Colorado, nikamsikiliza muda mrefu hasemi kitu, nikadhani laini imekatika. Kumbe ameweka simu dirishani nisikie mto.

Najua utaniuliza ile namba. Usiniulize. Mama amejaribu, mke wa mchungaji amejaribu, wote wameambulia kahawa tu.

Wasalimie sana shemeji Tavis na watoto wote wawili, mwambie Kendra mama yake mkubwa amemfumia sweta, inakuja na posta. Mama anakusalimu na fimbo yake. Mungu akukinge na baridi hiyo, na kazi ya mikono yako isikuumize.

Ni mimi nikupendaye sana,
dada yako Twyla