Chuo Kinataka Watu Walio Hai, Nami Naogopa Nyuso

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tunayekaa dawati moja: tangu nizaliwe sijawahi kuchora mtu aliye hai. Nyumbani na shuleni naitwa Fotokopi, kwa sababu nikipewa picha ya gazeti au kalenda naichora mpaka watu wanashindwa kutofautisha, na baba amezibandika ukuta mzima wa sebule, kila mgeni akija anaambiwa, "Huyu ndiye msanii wetu, mwaka ujao yuko chuo," nami nimesimama pale na trei ya chai nikitamani ardhi ipasuke, maana ni kweli nimeomba kusomea sanaa na usanifu na sitaki kitu kingine duniani, lakini chuo kimenijibu nije kwenye usaili na michoro ya watu niliowatazama kwa macho yangu, picha ya kunakili haipokelewi, na mimi mtu akinitazama tu naikandamiza penseli mpaka inakatika. Jana nilijaribu kumchora mama mdogo saluni kwake, akageuka: "We Fotokopi, unanihesabu chunusi?" Wateja wakaangua kicheko, nikakimbilia stoo. Je, niwaambie chuo nimebadili nia, au ninakili picha nidai nimewaona watu hao?

Fotokopi

*

Mwanangu Fotokopi,

Pole. Sasa nisikilize. Hilo la kudanganya lifute kabisa. Walimu wale wametazama michoro tangu hujazaliwa, watakubaini kabla hujavuta kiti. Na nia hujaibadili, umeingiwa na woga tu.

Unaogopa nyuso. Nani kakwambia mtu ni uso peke yake? Una mama mdogo mwenye saluni, halafu unaniandikia mimi! Mteja anayesukwa kichwa kimeshikwa, hageuki hata ukimwita. Kaa nyuma yake uchore. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Wiki hii waombe radhi, maana huyo ndiye mwenzio hasa. Lakini kila mteja umwombe ruhusa kwanza, kwa sauti inayosikika. Mchoro ukiharibika usiuchane, nenda nao kwenye usaili. Na mlango wa stoo uusahau.

Mshauri

*

Mpendwa mshauri,

Nilikwenda. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nyuma ya viti. Mteja wa kwanza nilimwomba ruhusa kwa kunong'ona, mama mdogo akafoka, "Paza sauti, draya inanguruma!" Nikarudia. Mteja akasema, "Nichore, mwanangu, ila hizo mvi za nyuma uziruke." Sikuziruka hata moja, nilizichora zote, naye alipoona akacheka mpaka msusi akapoteza mstari. Nikajifunza kwamba visogo vinasema: mwenye hasira hukaza shingo, mwenye usingizi huinamia bega moja.

Kitu kimoja wewe na mimi tulikisahau. Kioo. Jumamosi nilikuwa namchora bibi mmoja, nikainua macho kutoka kisogoni pake, nikamkuta kiooni ananitazama. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Alitazama tu. Safari hii penseli haikukatika. Nikamchora kisogo, kisha uso wake kiooni.

Kwenye usaili walitandaza michoro yangu mezani, na ile iliyoharibika pia. Mwalimu mmoja, mama mwenye miwani, akauliza, "Wote hawa wametupa kisogo. Mbona huyu wa mwisho anatutazama?"

Nikamtazama usoni. "Hakugeuka yeye," nikasema. "Mimi ndiye niliyeacha kumpa kisogo."

Nimepata nafasi, mshauri! Mama mdogo amepiga vigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuuliza nani anaolewa, na mchoro wa bibi ameutundika juu ya kioo kilekile.

Jioni ile nilibandua picha za kalenda sebuleni. Kisha nikamketisha baba mbele yangu, uso kwa uso, nikamwambia asitikisike. Ametikisika sana, kwa kufuta machozi. Nimemchora hivyohivyo.