Mlango wa Nje Umekataa Shaba

Mama,

Usiuguse mlango ulioegemezwa uani, wala usiupanguse tena. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nimeupulizia ile rangi inayong'aa kama shaba, tabaka jembamba kama nilivyojifunza, ikajikusanya matonematone na kuteleza. Nikapiga msasa, nikapuliza tena, ikateleza vilevile. Nilidhani kopo ni bovu, kisha nikanusa mbao: mafuta yako ya kujipaka. Jana ulisema, "Mbao zako zimepauka kama magoti ya mtoto, mwanangu." Nilicheka tu, sikujua utazipaka kweli.

Mwalimu mkuu anakuja kuuchukua saa sita. Akiukuta hivi, ile milango kumi na miwili ya madarasa atampa fundi mwingine, nami sina kazi nyingine. Nimekimbilia dukani kutafuta thina ya kutoa mafuta. Akinitangulia, ~~mwambie ni wewe~~ mwambie nimekosea mimi, na umwombe sana anisubiri hadi jioni.

Nimekaa chini nikalia, Mama, lakini sikukulaumu. Ulipaka mpaka ukingo wa chini, ambao hata mafundi huusahau.

Kifungua mimba wako