Migomba ya Kimo cha Kidole

Kagondo, Bukoba
3 Machi 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, ila mvua haituachi. Tata, nina ombi. Naandaa msitu na nimekwama: nahitaji migomba midogo, na hapa mjini sipati kitu cha maana. Nitumie chochote cha kibanjani kwetu. Josia akileta kahawa mjini atanipitishia.

Binti yako,
Kokuberwa

Buganguzi, Muleba
10 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma, lakini barua yako imenifikisha kwa jirani Agnetha bila fimbo. Kumbe umepata kiwanja ukanificha! Msitu usikutishe, kila kibanja kilianza kikiwa pori. Mtoto akianza mji wake, mzazi ndiye humpa miche. Nimekuchimbia ya ule mgomba alioupanda mama yako nyuma ya jiko, Mungu amrehemu. Nimeifunga kwa magamba makavu ya mgomba isiumie njiani. Jumuiya nzima nimeshawaambia. Nimefurahi mpaka nikalia.

Tata

Kagondo
28 Aprili 2024

Tata,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, barua yako ilinikata maini. Sina kiwanja. Bado nimepanga kwa mama Zuena. Msitu wenyewe ni wa mezani: kila Jumamosi tunakutana kwa rafiki yangu Awadhi, tunapiganisha askari wa kimo cha kidole kwa kurusha dadu. Migomba nilitaka kuiunda mwenyewe, ila niliandika kwa haraka.

Lakini yale magamba uliyofungia miche ndiyo hasa niliyokuwa natafuta! Nimeyasokota yakawa mashina, majani nimekata ya karatasi nikayapaka rangi, na chini nimegandisha maganda ya kahawa. Katikati nimeacha kibanja, nyumba, na mzee ameketi mlangoni. Tumekubaliana sote, hapo hapapigwi risasi.

Miche ya mama nimeipanda nyuma ya chumba changu, mama Zuena ameruhusu. Mmoja umetoa jani. Picha ya msitu naituma na Josia.

Binti yako

Buganguzi
12 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nilinuna, sikufichi. Agnetha ananiuliza kila asubuhi kama askari wako wameshapalilia. Halafu nikaitazama picha tena. Migomba umeipatia, hata jani lililochanwa na upepo umeliweka. Kiwanja kitakuja, usijisumbue kwa ajili yangu.

Ila mzee wa watu umemwacha peke yake. Mtengenezee na mama yako, umweke karibu na jiko. Na ule mlango usiufunge kwa gundi. Wana binti mjini.

Tata