Kati ya Mfangano na Takawiri

Jumapili, 13 Aprili 2025 — Karungu

Tumefika. Kutoka Isebania nimelala nusu ya njia, na nilipofungua macho ziwa lilikuwa hapo kando ya barabara, la kijivu, kubwa, halina ng'ambo. Mirumbe hajawahi kuliona. Kwao ni vilima na ng'ombe na mahindi. Akasimama mchangani, viatu mkononi, akamwuliza Baba upande wa pili uko wapi. Baba akasema upo, hauonekani tu.

Baba amekodi boti ya mtu anaitwa Oyaro. Tutapita visiwani polepole hadi Homa Bay. Safari ya kwanza tangu amwoe Mirumbe. Mimba yake ni ya miezi sita, na nadhani Baba anataka tuwe familia kabla mtoto hajafika. Hasemi hivyo. Anasema Form Two imenichosha, nahitaji hewa.

Bado sina jina la kumwita. Mama — hapana, Mama tulimzika nikiwa darasa la sita. Auntie — hapana pia. Nikimtaka nangoja aniangalie, ndipo naongea.

Jumatatu, 14 Aprili — Mfangano

Siku nzima maji. Injini inanguruma vilevile hadi unaacha kuisikia. Mbali wadudu wa ziwani walipanda kama moshi, nguzo nyeusi inayotembea juu ya maji bila haraka. Niliweka mkono majini. Nikalala. Nikaamka, sikujua kama tumesonga.

Baba akaanza wimbo wa kanisa, sauti ya pili, peke yake. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama. Baada ya ubeti mmoja Mirumbe akaichukua, kwa chini sana, kama anaomba ruhusa. Nikafunga macho, nikajifanya bado nimelala. Ilikuwa tamu. Hilo sitamwambia mtu.

Mtoto akacheza, Mirumbe akauweka mkono wa Baba tumboni. Kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia ndege.

Jumanne, 15 Aprili

Joto. Hakuna upepo hata kidogo, ziwa limekuwa kama bati. Tumekula samaki, ngege, na ugali. Oyaro anatazama magharibi. Amesema twende sasa hivi ama tulale hapahapa Mfangano. Baba amesema twende.

Jumatano, 16 Aprili — Takawiri

Tuko hai. Nimeandika kwenye daftari hili lililolowa, nimesoma tena. Tuko hai.

Jana tulikuwa katikati wakati mchana ulipogeuka kijani. Sijui kueleza vizuri. Mwanga ule wa ndani ya chupa. Upepo ukaja mara moja, ukang'oa turubai, likaruka kama kanga ya mtu, likapotea. Halafu mvua. Mvua na ziwa vikawa rangi moja, sikujua wapi maji yanaanza. Wimbi likaingia, injini ikazima. Oyaro akashika kasia akapigana kuielekeza boti kwenye mawimbi, maana yakitupiga ubavuni, alisema, basi.

Nikaita Tata. Sijamwita Baba hivyo tangu nikiwa mdogo. Alikuwa amekumbatia ubao wa kukalia, macho amefumba, midomo inatembea. Hakunisikia. Ama alinisikia. Baba yangu, ambaye madereva wa malori kule Isebania wanamwogopa.

Mirumbe ndiye alipiga magoti. Akachukua jerikani iliyokatwa, akanisukumia sufuria.

"Bitutu, toa maji. Usiangalie nje. Angalia haya ya ndani tu."

Nikaangalia ya ndani. Viazi vyetu vilikuwa vinaelea, na kiatu cha Baba. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Ikafika mahali kelele yote ikawa mbali, kama iko nyumba ya jirani, na nikaona mikono yetu minne ikipishana, ya kwake na yangu, sikujua tena ipi ni ipi. Sikuogopa. Ni ajabu. Nilihisi usingizi.

Halafu wimbi moja likamrusha, akaangukia ukingo wa ubao kwa tumbo. Nilisikia. Akakaa hivyo kidogo, mdomo wazi. Kisha akaokota jerikani.

Tuligonga mawe. Watu waliingia majini hadi kifuani wakatutoa. Mama mmoja, Akeyo, alikuwa anasema "mos, mos," yaani polepole kwa Kijaluo, akituvuta mmoja mmoja kwa mkono. Ametupa nguo zake, uji, mkeka. Boti imepasuka. Oyaro alilia kwa boti yake waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

 Baba anakaa ufuoni kwenye boti mbovu kana kwamba anaitengeneza. Ziwa leo ni laini. Linang'aa. Kama halikuwa lenyewe.

Mirumbe ameniita nje, nyuma ya jikoni ya Akeyo. "Mtoto hajacheza tangu jana. Usimwambie baba yako kwanza. Ataogopa tena."

Nimeenda nikamwambia. Akasimama haraka mpaka akajikwaa. Boti ya abiria ya leo imeshaondoka. Amezunguka kwa kila mwenye injini, wote wanasema upepo unarudi, ni kesho alfajiri.

Alhamisi, 17 Aprili — Mbita

Tumevuka. Baba alitaka kumbeba kumpandisha, Mirumbe akakataa, akaniangalia, nikaenda kukaa karibu naye. Njia nzima alitazama miguu yetu chini ya boti. Baba alikaa mbele, mgongo kwetu. Mara moja aligeuka akasema, "Nisameheni." Injini ilikuwa na kelele. Mirumbe akaitikia kwa kichwa.

Hospitalini nesi alinizuia kwenye pazia.

"Wewe ni nani wake?"

Nilitafuta neno. Baba akafungua mdomo anisaidie.

"Nimetoka naye ziwani," nikasema.

Nesi akatuangalia mimi na Mirumbe, magauni ya Akeyo yanayotuzidi. Akasema ingia.

Mirumbe amelala chali. Mkono wangu mmoja ameushika, naandika na huu mwingine ili nisimtazame nesi usoni. Nesi ameweka kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, kama faneli ndogo, juu ya tumbo, na sikio juu yake. Amekisogeza. Baba yuko mlangoni, haingii, hatoki. Nje mtu anafagia, nesi amempigia kelele aache. Ameacha. Kifaa kimesogezwa tena, chini kushoto.

Mirumbe ananiangalia. Nami namwangalia.

Nesi amefunga macho. Bado anasikiliza.